Kabla Hujalipia Sabufa, Itazame Sauti Yake

Duka la spika la Kariakoo ni mahali pabaya kuliko pote pa kuchagulia spika. Kushoto wamefungulia singeli, kulia kaswida, na mbele ya mlango machinga ametundika kipaza sauti kinachorudia bei ya soksi tangu saa mbili asubuhi. Honi za bodaboda sizihesabu. Katikati ya hayo muuzaji anachomeka flashi yake, anapandisha bezi mpaka mwisho, vioo vya kabati vinatetemeka, kifua nacho kinapokea, na mteja anaanza kuhesabu noti. Akishafika nyumbani Buguruni, saa nne usiku mtaa ukiwa umetulia, ndipo anagundua kwamba bezi aliyoilipia ni mvumo mmoja tu. Gitaa la bezi lipande, lishuke, sabufa inatoa "vuuu" ileile.

Muuzaji hajasema uongo hata neno moja. Amechagua tu wimbo unaoibeba spika yake, na sikio lililozingirwa na kelele haliwezi kumkamata. Jicho linaweza. Zipo programu za bure zinazopokea sauti kupitia maiki ya simu au kompyuta na kuichora papo hapo, sekunde ileile inayosikika. Hapa Dar es Salaam wanaozitumia ni watu wachache wa studio, na mimi naona wanaozihitaji zaidi ni wengine: mnunuzi, fundi wa amplifaya, msimamizi wa mitambo msikitini na kanisani, na yeyote anayelala jirani na baa.

Anza na simu, usikimbilie kompyuta. Kwa Android ipo Spectroid. Kwa Android na iPhone ipo phyphox, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha RWTH Aachen cha Ujerumani kwa ajili ya majaribio ya fizikia shuleni. Ndani yake mna sehemu ya kuchora masafa ya sauti. Zote mbili ukishazipakua zinafanya kazi bila bando. Ukiwa kwenye duka la programu utaona nyingine chungu nzima zenye majina yanayofanana. Kanuni yangu hapo ni fupi: programu ya kuchora sauti inahitaji ruhusa ya maiki. Ikiomba orodha ya namba zako za simu au mahali ulipo bila sababu ya maana, ifute.

Sasa kinachochorwa. Kila sauti ni mchanganyiko wa mitetemo ya kasi mbalimbali, na kasi hizo tunazihesabu kwa hezi, yaani mitetemo kwa sekunde. Sikio la kijana mwenye afya hupokea kuanzia hezi 20 hivi hadi 20,000, na huko juu huanza kupungua umri unavyosogea. Programu inaichambua sauti na kuipanga: bezi kushoto, trebo kulia, na mstari ukipanda maana yake hapo pana nguvu. Hesabu yenyewe msingi wake ni wa Mfaransa Joseph Fourier, aliyechapisha kitabu chake mwaka 1822, na iliwezekana kufanywa upesi na kompyuta baada ya Cooley na Tukey kuchapisha njia yao ya mkato mwaka 1965. Picha ya pili, spektrogramu, inaonyesha pia muda: inashuka kwenye kioo kama jora la kitenge linalokunjuliwa mezani, na palipokolea rangi ndipo palipo na sauti kubwa.

Jizoeze barabarani kabla ya kuingia dukani, hakuna anayekutoza. Elekeza simu kwa kile kipaza sauti cha machinga. Utaona sauti yote imejazana kati ya hezi 400 na 5,000 hivi, na kushoto kwake karibu patupu. Kikombe kile kidogo hakina uwezo wa kutoa bezi, wala hakiihitaji: sikio la binadamu lina ukali zaidi kati ya hezi 2,000 na 5,000, kwa hiyo betri ndogo inatosha kukusumbua toka upande wa pili wa Msimbazi. Kisha elekeza kwenye basi la mwendokasi linaloondoka kituoni, uone uzito ulivyohamia kushoto. Ukishayaona hayo mawili, umeshajua kusoma kioo.

Rudi dukani. Usikubali flashi ya muuzaji, nenda na yako. Nyumbani au kwa rafiki mwenye kompyuta, fungua Audacity, programu huria iliyoanzia Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, na kutolewa kwa umma mwaka 2000. Kwenye menyu ya kutengeneza sauti chagua Chirp: ianzie hezi 30, iishie 15,000, idumu sekunde 20, mpando wake uwe Logarithmic, ukubwa 0.5 mwanzo na mwisho. Huo ni mluzi unaopanda taratibu kutoka chini kabisa mpaka juu. Ongeza na faili la pili la Noise, aina ya Pink, sekunde 30. Ni mchanganyiko wa masafa yote unaosikika kama mvua. Zihifadhi kama WAV, si MP3.

Dukani mwombe muuzaji arudishe vitufe vya bezi na trebo katikati na azime kila kinachoitwa "super bass". Atakutania. "Anko, anayenunua ni wewe au hiyo simu?" Cheka naye, kisha weka simu umbali wa mkono mmoja mbele ya spika na uanze na ile Pink. Fanya vilevile kwa spika ya pili na ya tatu, umbali uleule, sauti ileile. Unachotafuta ni umbo. Sabufa ya kubahatisha huchora kilima kimoja chembamba, mara nyingi karibu na hezi 80 hadi 120, kisha inaporomoka pande zote mbili. Hicho kilima ndicho ile "vuuu". Sabufa yenye afya huchora mgongo mpana unaotelemka polepole.

Halafu cheza ule mluzi. Hapa ndipo penye utamu, na ndipo muuzaji mwenyewe hukaribia kuangalia. Mluzi unapopita hezi 50 au 60, kwenye kioo uinuke mstari mmoja tu. Ukiona mstari wa 50 unafuatana na wa 100, wa 150 na wa 200, hao wasindikizaji hawamo kwenye faili lako: spika imezidiwa, inatengeneza sauti zake yenyewe. Wasindikizaji wadogo kila spika inao. Wakilingana na mwenyeji au kumpita, ondoka.

Lakini usimwonee muuzaji. Maiki ya simu nayo inaweza kuzidiwa na kuchora wasindikizaji wa uongo. Iache sauti ilivyo, rudi nyuma hatua tatu. Wakitoweka, mwenye tatizo alikuwa simu; wakibaki, ni spika. Na maiki nyingi za simu hazisikii vizuri chini ya hezi 100, zimetengenezwa kwa maongezi. Ndiyo maana nasisitiza ulinganishe spika kwa spika mahali pamoja, usisome namba ya desibeli ukadhani ni ya maabara. Kwenye mipangilio ya Spectroid unaweza kubadili chanzo cha sauti. Chagua kile kisichochujwa, maana simu nyingi hupunguza kelele kimyakimya na kukuharibia picha.

Tukiwa bado dukani, geuza sabufa uangalie kibandiko cha nyuma. Mbele wameandika wati 5,000 kwa herufi za dhahabu, nyuma pameandikwa inatumia wati 60. Hakuna kifaa kinachotoa mfululizo nguvu zaidi ya kinachokula ukutani. Kwa jambo hilo huhitaji programu yoyote.

Sasa mafundi wa Gerezani na kwingineko, hili ni lenu. Mteja analeta amplifaya, anasema "inavuma". Kuvuma kuna namna mbili na kwa sikio zinafanana. Umeme wetu wa TANESCO ni wa hezi 50. Chomeka amplifaya, usicheze kitu, weka maiki karibu na spika na usome. Mstari mrefu ukiwa kwenye 50, shuku waya: kebo ya sauti iliyopita sambamba na waya wa umeme, kebo iliyokatika nyavu yake ya nje, au vifaa viwili vilivyounganishwa ardhini kwa njia mbili tofauti, kimoja soketi hii, kingine soketi ile. Mara nyingi dawa ni kuvichomeka vyote kwenye ekstensheni moja. Na kama chanzo ni kompyuta, chomoa chaja yake utazame kama mstari unashuka. Mstari mrefu ukiwa kwenye 100, shuku kapasita kubwa za pawasaplai, kwa sababu mkondo ukishapita kwenye diodi nne mawimbi yake huwa 100 kwa sekunde, na kapasita iliyochoka haiwezi tena kuyalainisha. Tahadhari moja: transfoma yenyewe hunguruma kwa 100 kupitia bati lake, kwa hiyo hakikisha unasoma kinachotoka kwenye spika. Chomoa spika, kama mstari bado upo, ni bati.

Umeme ukikatika, jenereta nalo husomeka. Mstari wa TANESCO husimama hapohapo 50. Wa jenereta hutembea: mtu akiwasha pasi, unashuka kidogo, kisha unarudi. Ukiuona unatembea huku amplifaya ikivuma, usiifungue kwanza, kagua jenereta na waya wake.

Kwa kazi hii ya mezani hamieni kwenye kompyuta. Programu ninayoipendekeza ni Friture. Ni huria, inafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux, na kazi yake hasa ni kuchora sauti inayoingia wakati huohuo: wimbi, masafa, spektrogramu na vipimo vya ukubwa, vyote kwenye kioo kimoja ukipenda. Haina mapambo, na hilo kwangu ni sifa. Programu hizi zipakueni kwenye tovuti ya watengenezaji wenyewe. Tabia ya kuchukua flashi ya jirani yenye programu zilizovunjwa kufuli haina maana kabisa pale ambapo mwenye programu anaigawa bure. Mnachopata cha ziada ni virusi.

Kuna mpangilio mmoja unaowachanganya wengi, nao ni ukubwa wa dirisha la hesabu, ule unaoandikwa FFT 2048, 4096, hadi 16384. Programu huchukua kipande cha sauti chenye sampuli hizo, ikachora, ikachukua kingine. Kwa sauti ya sampuli 48,000 kwa sekunde, dirisha la 16,384 ni theluthi moja ya sekunde, na linatenganisha masafa yaliyopishana kwa hezi 3 tu. Hilo ndilo la kumsaka mvumaji wa 50. Ila lijaribu kwenye singeli. Singeli inakwenda mapigo zaidi ya 200 kwa dakika. Kwa mapigo 200, kutoka pigo hadi pigo ni sekunde 0.3. Dirisha lako ni refu kuliko pigo lenyewe, kwa hiyo ngoma zote zinamwagika kuwa uji wa rangi moja. Shusha hadi 2048, dirisha linakuwa sekunde 0.04, na kila pigo linasimama peke yake, ingawa sasa masafa yaliyopishana chini ya hezi 23 hivi hayatenganishwi vizuri. Huwezi kuvipata vyote viwili kwa pamoja. Mtayarishaji wa singeli na fundi wa amplifaya wakikaa meza moja, kila mmoja atataka dirisha lake.

Msimamizi wa mitambo ana adui mwingine: maiki inayopiga yowe katikati ya hotuba au mawaidha. Yowe ni sauti iliyotoka kwenye spika, ikaingia tena kwenye maiki, ikakuzwa, ikatoka tena. Lina tabia nzuri moja, kwamba huchagua masafa machache na kuyang'ang'ania, na kwenye spektrogramu huchora mstari mwembamba ulionyooka ambao sauti ya binadamu haiwezi kuuchora. Kwa hiyo nenda mapema, ukumbi ukiwa mtupu. Weka maiki pale itakapokaa, washa Friture, pandisha sauti taratibu mpaka ule mstari uanze kuota, kabla haujawa yowe kamili. Soma namba. Ikiwa 2,430, kwenye ekwaliza ya bendi 31 shusha kitufe cha 2,500 kwa desibeli 3 hivi. Pandisha tena, utamwona wa pili. Mshushe. Wa tatu, wa nne. Ukifika hapo simama. Anayeshusha vitufe kumi amemaliza yowe na amemaliza sauti ya sheikh pia.

Wenye mikisa ndogo ya vitufe vitatu, bezi, midi na trebo, hawana nafasi hiyo ya kuchagua. Kwao namba ni ya kuwafundisha wapi pa kusogeza spika. Spika iwe mbele ya maiki, ikimpa mgongo mzungumzaji, si nyuma yake ikimwangalia. Kumbi zetu za vigae na vioo hurudisha trebo vibaya. Ukumbi ukijaa watu na nguo zao, mambo hubadilika, kwa hiyo acha akiba kidogo chini ya pale yowe lilipoanzia.

Kundi jingine linanigusa zaidi: wenye kaseti za zamani. Familia nyingi za Ilala bado zina kaseti za bendi za NUTA Jazz, Western Jazz na wenzao, zilizonaswa redioni enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam au kunakiliwa mkono kwa mkono. Sasa vijana wanazihamishia kwenye kompyuta. Wakati kaseti inacheza, tazama spektrogramu upande wa chini. Kama upo mstari wa mvumo, simamisha kaseti huku deki ikiwa inawaka. Ukibaki, mvumo ni wa nyaya zako leo. Rekebisha ndipo uanze upya. Ukitoweka, umo kwenye kanda yenyewe, ulinaswa siku ya kurekodi. Usiufute haraka, kwanza soma namba yake. Umeme wa siku ile ulikuwa hezi 50. Ukisomeka 52, deki yako inazungusha kanda haraka kwa asilimia 4 kuliko ile iliyorekodi, na mwimbaji amepandishwa zaidi ya nusu ya nusu-toni. Wapiga gitaa wanaojaribu kufuatisha nyimbo hizo wakalalamika kwamba bendi za zamani hazikusetiwa vizuri wajue kwamba mara nyingine mwenye makosa ni deki. Rekebisha kasi kwenye Audacity, mstari ukae kwenye 50, kisha sikiliza sauti ya mwimbaji ikirudi kifuani.

Ma-DJ wana lao, nitalisema upesi. Faili lililoandikwa kbps 320 linaweza kuwa lilitokana na la 128 likapandishwa cheo. Programu ya bure inayoitwa Spek huchora faili zima kwa sekunde chache: ukiona rangi zimekatwa kwa mlalo karibu na hezi 16,000 kama kwa rula, ujue asili yake ni duni, kwenye spika kubwa itakuaibisha.

Limebaki la jirani wa baa. Mtu wa ghorofa ya tatu analalamika hawezi kulala. Anapakua programu ya desibeli, inamwonyesha namba ndogo, mwenye baa anacheka. Sababu ni kwamba vipimo vingi hutumia mizani ya A, inayoiga sikio kwa sauti ndogo: hezi 100 hupunguzwa desibeli 19, hezi 50 hupunguzwa 30. Na kinachopenya ukutani na kwenye nondo za jengo ni hichohicho cha chini. Trebo imeishia kwenye matofali. Kwa hiyo namba ni ndogo na kitanda kinatetemeka, na wote wawili wanasema kweli. Fungua picha ya masafa badala ya namba moja. Ukiona vilima vinavyodunda kwenye 50 na 60 wakati muziki unapiga, na vikitulia unapositishwa, umemjua anayekuamsha. Namba za mizani ya A bado ni muhimu kwa walio ndani ya ukumbi: Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilitoa kiwango kwamba wastani usizidi desibeli 100 katika dakika 15, na wahudumu wanaokaa humo usiku kucha wanastahili kukijua.

Picha ya simu si ushahidi wa kisheria. NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira, wana vipimo vilivyosahihishwa, na zipo Kanuni za mwaka 2015 kuhusu kelele na mitetemo. Hata hivyo picha yenye tarehe na saa husaidia mazungumzo kwenye serikali ya mtaa, kabla ya mambo kufika huko. Nenda na picha mbili, ya muziki ukipigwa na ya muziki ukisimamishwa. Usimwombe mwenye baa azime, hatazima, ndiyo riziki yake. Mwombe asogeze sabufa kutoka kwenye ukuta mnaoshirikiana, aziinue kutoka sakafuni kwa mpira mzito, na kwenye ekwaliza ashushe vitufe vya 50 na 63 kwa desibeli 6 kila kimoja. Wacheza dansi hawataona tofauti kubwa. Wakati anashusha, wewe uwe chumbani na simu, mkiwa hewani kwa simu nyingine, umwambie mstari umefika wapi.